Manyoya ya Mahameli

Mama Fundi alikuwa na benchi lake kanisani, nalo lilikuwa la mwisho kabisa, karibu na mlango, lile lenye msumari uliochomoza na kupasua sketi za watu. Kila Jumapili alifika mapema, akakaa hapo, akainamisha kichwa. Kisha akasubiri. Hakusubiri sana. Kabla ya wimbo wa pili, mzee wa kanisa, yule mwenye viatu vinavyolia, angemjia akinyata, ainame na kumnong'oneza, "Mama Fundi, mtu kama wewe hakai huku. Nafasi yako iko mbele." Angekataa. Mzee angemsihi. Angekataa tena, kwa sauti ya chini zaidi. Mara ya tatu angeinuka na kupita katikati ya watu, macho chini, mkono kifuani, na watu wangemtazama na kutikisa vichwa kwa kumstahi.

"Unaona, mwanangu," alimwambia binti yake njiani wakirudi. "Ukijishusha, Mungu mwenyewe anakuinua."

Binti huyo watu walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa jinsi alivyopenya kila mahali bila kelele. Alikuwa na miaka kumi na tisa na maneno machache. Siku moja tu ndipo alipojibu.

"Na mzee akiugua Jumapili, mama, itakuwaje?"

"Hebu nyamaza huko!" Lakini alicheka, maana huyu alikuwa mtoto wake wa pekee, baba yake alikwisha kufariki, na alimpenda kuliko alivyoipenda roho yake mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyoamini. Mama unayesoma haya usiharakishe kumcheka. Hakuwa mnafiki wa kusemwa barabarani. Alikuwa akiamka alfajiri, anapiga magoti kando ya cherehani na kumtaja mtoto wake kwa Mungu kabla hajamtaja mtu mwingine yeyote. Kiburi hakikumwingia kwa mlango wa dhambi kubwa. Kilipitia kwenye kazi yake nzuri na sala zake ndefu, ndiyo maana hakukiona.

Walishona katika chumba cha mbele cha nyumba yao: meza ya kukatia, cherehani mbili, pasi, kamba ya kutundikia nguo, na balbu moja iliyoning'inia juu ya meza. Mama alikata, Sindano alishona. Ndivyo ilivyokuwa tangu binti alipojua kutunga uzi.

Basi kanisa lilimaliza kujenga jengo jipya, na kwaya ikanunuliwa mahameli ya zambarau ili washonewe majoho ya siku ya kuweka jengo wakfu. Walikuwa waimbaji kumi na wawili. Mwalimu wa kwaya alileta kitambaa mwenyewe, akakitua mezani akihema.

"Mama Fundi, nina neno," akasema. "Dada yangu atakuja siku hiyo."

Dada yake kila mtu alimfahamu. Walimwita Mama Shela, kwa sababu mabibi harusi wa mji mzima walivaa shela na magauni yaliyotoka kwenye karakana yake.

"Anatafuta binti mmoja wa kumfundisha," mwalimu akaendelea. "Mmoja tu. Nimemtajia Sindano. Ila yule dada yangu haamini maneno, anaamini mkasi. Kwa hiyo majoho haya akate Sindano. Akiona mkono wake, mambo yatakuwa yameisha."

Sindano, aliyekuwa amekaa kwenye cherehani, aliacha kukanyaga. Uso wake ulichangamka hivi kwamba mama yake alilazimika kutazama pembeni.

"Na iwe hivyo," mama akasema. "Mimi ni nani? Mtoto na akate."

Lakini mwalimu alipotoka, kitu kilimchoma Mama Fundi. Miaka ishirini kila nguo iliyosimama mbele ya kanisa hilo ilikatwa na mkono wake. Leo, siku ya jengo jipya, wageni kutoka kila upande, ndipo mkono wake uambiwe ukae?

Sindano alikitandaza kitambaa. Kabla ya kugusa mkasi alikipapasa kwa kiganja, kwenda na kurudi, kama mtu anayembembeleza paka.

"Mama, njoo uone. Kina manyoya. Ukipapasa huku yanalala, rangi inang'aa. Ukirudisha huku yanasimama, rangi inakolea. Vipande vyote inabidi vielekee upande mmoja, la sivyo mtu mmoja atakuwa na rangi mbili."

"Kikikatwa hivyo hakitoshi."

"Tumwombe mwalimu mita tatu zaidi."

"Tuombe!" Mama Fundi alishika kiuno. "Nikaombe kitambaa, mimi? Joho ni pana chini na jembamba mabegani. Unalaza moja kichwa huku, jingine kichwa kule, yanaingiana kama meno. Kinatosha na kinabaki. Na kitakachobaki nitashona kitambaa cha madhabahu. Nimeshamwambia mchungaji."

"Mama, lakini manyoya..."

"Sikiliza, bibi wewe. Nilianza kukata nguo kabla hujaota meno. Nenda kaninunulie uzi."

Sindano akaenda kununua uzi. Duka la uzi halikuwa mbali, lakini rangi ya zambarau iliyolingana ilimtafutisha. Aliporudi, mkasi ulikuwa umelala, na vipande vya majoho kumi na mawili vilikuwa vimepangwa mezani, vingine vimekatwa kichwa juu, vingine kichwa chini, kila kimoja kimewekwa pale kilipoenea. Mama alikuwa akikunja kipande kilichobaki, kikubwa, cha kutosha kujivunia.

"Umekata, mama."

"Nimekukatia. Nimekupunguzia kazi. Mshukuru Mungu."

Binti alinyanyua sehemu ya mbele ya joho moja na ya nyuma yake, akazisogeza chini ya balbu. "Rangi zinapishana," akasema polepole.

"Kidogo. Nani atakayekuja kanisani na tochi?"

Sindano alizirudisha zile sehemu mezani. Alikaa, akashona. Na mwalimu alipopita kutazama, akasifu, "Sindano, mkono wako umetulia, binti," mama alikuwa na pini mdomoni, na pini zikawa sababu nzuri ya kutojibu.

Alhamisi, saa kumi alasiri, kwaya ilifanya mazoezi ya mwisho ndani ya jengo jipya wakiwa wamevaa majoho yao. Lile jengo la zamani lilikuwa na madirisha mawili yaliyozibwa na mti. Jipya lilikuwa na madirisha marefu pande zote mbili, kutoka sakafuni hadi karibu na dari, na jua la alasiri liliingia humo kama mwenye nyumba.

Waimbaji walijipanga. Kisha mtu akacheka.

Mmoja alikuwa na kifua kilichokolea na mkono mmoja unaong'aa. Mwingine alipogeuka ilikuwa kama ameingia mtu mpya. Na mbaya kuliko wote alikuwa Besi, yule mwimbaji wa sauti nzito, mtu mpana kama mlango, ambaye joho lake lilikuwa na nafasi kubwa ya kuonyesha kosa.

"Jamani, nitazameni vizuri," Besi akasema akijizungusha. "Mbele asubuhi, nyuma magharibi. Nikae wapi sasa?"

"Kaa ubavu!" mtu akamjibu, na kwaya yote ikaangua kicheko.

Mama Shela, aliyekuja mapema kutazama mazoezi, alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka. Alikuja taratibu, mwanamke mfupi mwenye futi ya kupimia shingoni hata siku asiyopima, akampapasa Besi begani, kwenda chini, kisha kwenda juu.

"Nani amekata?"

"Sindano," mwalimu wa kwaya akasema, sauti ikimfifia. "Tulikubaliana akate yeye."

Macho yote yalimwendea binti. Yeye alimtazama mama yake. Hakumtazama kwa ukali. Alimtazama vile alivyokuwa akimtazama utotoni walipovuka barabara, akingoja aambiwe twende.

Mama Fundi alifungua mdomo. Aliuona ukweli, ulikuwa mfupi, maneno mawili tu. Lakini aliwaona pia waimbaji, na mchungaji aliyekuwa akiingia, na mzee wa kanisa, na lile benchi jipya la mbele. Akajikuta anainamisha kichwa, mkono umekwisha kufika kifuani wenyewe.

"Ni mtoto," akasema kwa unyenyekevu. "Bado anajifunza. Msameheni."

Watu wakaguna kwa huruma. Mtu mmoja hata alisema, "Mama wa watu ana moyo!"

"Kukosea hakunitishi," Mama Shela akasema, akimgeukia binti. "Hata mimi nimeharibu nguo nyingi. Lakini mtu anayekata mahameli bila kuipapasa kwanza, huyo hana haja na kitambaa, ana haja ya kumaliza. Siwezi kumchukua. Pole, mwanangu."

"Asante, mama," Sindano akasema. Akaanza kuwavua waimbaji majoho, mmoja mmoja, akiyakunja.

Njia nzima alibeba bunda kichwani bila neno, na mama yake akawa anazungumza kwa niaba ya wote wawili. Kwamba Mama Shela naye anajiona. Kwamba karakana zenyewe wasichana wanasimama siku nzima miguu ikivimba. Kwamba Mungu akifunga hapa ana sababu zake. Walipofika, Sindano alitua bunda mezani, akachukua kiwembe cha kufumulia, akakaa.

"Mama," akasema, bila kuinua macho, "kila alfajiri nasikia unaniombea. Nikiwa kitandani nasikia jina langu. Leo umeniombea msamaha mbele ya watu, wa kosa lako."

Halafu akaanza kufumua. Tk, tk, tk, uzi ukikatika.

Mama Fundi aliingia chumbani na kupiga magoti, maana ndiyo njia aliyoijua. "Bwana," akaanza, "mtazame binti yangu, mpe moyo wa kuvumilia, mpe..." Akasita. Aliyasikia maneno yake mwenyewe. Alikuwa bado anamwombea mtoto apone kidonda, na kisu kiko mkononi mwake mwenyewe. Alijaribu kuanza upya, na kila neno zuri alilokuwa nalo, na alikuwa nayo mengi, lilikataa kutoka. Mwishowe yalitoka yale mawili aliyoyaficha kanisani.

"Nilikata mimi."

Akalia hadi mto ukalowa. Nyuma ya ukuta, tk, tk, tk iliendelea.

Alipokuwa akilia, likamjia wazo, na lilikuwa wazo zuri mno. Jumapili, jengo likiwa limejaa, atasimama. Ataomba kipaza sauti. Atatubu mbele ya wageni wote, na machozi, na watu watalia naye... Hapo akaliona. Aliiona hata njia ya katikati ya benchi, na yeye akirudi kukaa, na vichwa vikitikisika: mama yule, unyenyekevu gani ule! Kumbe hata toba angeweza kuishona ikawa vazi la kujipambia.

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi alifunga kitambaa kichwani na kwenda kule ambako hakuna aliyemngoja.

Karakana ya Mama Shela ilikuwa na wasichana sita na mlima wa shela nyeupe. Hakukaribishwa kiti. Alisimama katikati ya mashine zinazonguruma mpaka Mama Shela alipoinua mkono, na mashine zikanyamaza zote. Angependa zisinyamaze.

"Majoho nilikata mimi," Mama Fundi akasema. "Si mtoto. Yeye hakugusa mkasi."

Mama Shela aliweka chaki chini. "Alikuwepo?"

"Nilimtuma uzi."

"Alijua kuhusu manyoya?"

"Alikipapasa kabla. Akaniambia vyote vielekee upande mmoja."

"Na wewe ukamjibuje?"

Hili hakulitegemea. "Nilimwambia... nilianza kukata nguo kabla hajaota meno."

Msichana mmoja alicheka ndani ya shela. Mwingine akamfinya, wakacheka wote wawili. Masikio ya Mama Fundi yaliwaka moto. Hakukuwa na mtu wa kusema mama wa watu ana moyo. Palikuwa na mwanamke mfupi aliyemtazama kama anavyotazama pindo lililopinda.

"Jana ulisimama pale," Mama Shela akasema, "ukaniacha nimwambie mtoto wa watu maneno yale."

"Ndiyo."

"Sasa unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nilitaka ujue." Kisha, kwa kuwa alikuwa mama, akashindwa kujizuia. "Lakini kama bado ile nafasi..."

"Siahidi. Jumapili nitakuja kama nilivyosema, nitatazama. Mwambie mtoto wako nimesema pole, na safari hii ni pole ya kweli." Akainua chaki. Mashine zikanguruma.

Alipofika nyumbani, Sindano alikuwa amefumua majoho yote. Vipande vilikuwa sakafuni katika marundo mawili.

"Nimetoka kwa Mama Shela," mama akasema akiwa bado mlangoni. "Nimemwambia nilikata mimi. Na mwalimu nitamwambia. Hajaahidi kitu. Nisamehe, mwanangu. Nilikuuza ili nibaki na jina."

Sindano alimtazama. Kisha akasogea kidogo pale sakafuni.

"Kaa hapa," akasema. "Shika rundo hili."

Akamweleza. Majoho ni mapana, mbele ya huyu inaweza kukutana na nyuma ya yule, mradi miili yao inakaribiana. Vipande vyote vya manyoya yaliyolala vitatoa majoho sita yanayong'aa. Vya manyoya yaliyosimama vitatoa sita yaliyokolea. Kwaya husimama makundi mawili, wanawake kushoto, wanaume kulia. Kila kundi litapata rangi yake.

Mama alitazama marundo, akatazama mtoto. Kwa miaka ishirini akili kama hiyo ilikuwa haijamjia.

"Shida ni Besi," Sindano akasema. "Hana mwenzake. Nyuma yake haiendi na mbele ya mtu yeyote, na hakuna mwili mwingine kama ule. Tunahitaji kipande kipya, kikubwa."

Wote wawili walijua kipande kikubwa kiko wapi. Kilikuwa kabatini, kimekunjwa vizuri, kikingoja kuwa kitambaa cha madhabahu ambacho mchungaji alikwisha kukitangaza, na jina la mshonaji likatajwa.

Mama Fundi alikileta. Akakitandaza, akanyoosha mkono kuchukua mkasi, kwa mazoea tu. Halafu akaurudisha mkono.

"Kata wewe," akasema.

Walishona Ijumaa na Jumamosi. Sindano akiwa kwenye meza, mama akiwa kwenye cherehani, na hilo lilikuwa geni hivi kwamba mara mbili waligongana wakipishana. Jumamosi jioni mama alikwenda kwa mchungaji kumwambia hakuna kitambaa cha madhabahu, na kwa mwalimu kumwambia lile jingine. Mchungaji alisema haina neno. Mwalimu alimfungulia mlango tu atoke, na hilo lilikuwa gumu kuliko ukali.

Jumapili Mama Fundi alipiga pini kwenye pindo la Besi hadi kengele ya mwisho. Alipoingia kanisani palikuwa pamejaa. Akakaa kwenye benchi la mwisho, maana msumari ule ulikuwa umehamishwa pamoja na benchi lake, na nafasi ilikuwepo. Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Kusema kweli, alisikiliza kama viatu vinalia. Vilikuwa vinalia kule mbele, kwa wageni. Mzee hakuja. Mama aliona kwamba inauma, na akashangaa kuwa bado inauma, baada ya yote.

Kisha mtu akamgusa bega.

"Sogea, mama," Sindano akanong'ona. Bado alikuwa na pini tatu kwenye kola. Wakabanana. Mama akatafuta mkono wa binti, akaupata, ukiwa na matundu ya sindano kwenye kila kidole.

Kwaya ikaingia. Sita waling'aa, sita wamekolea, na jua la madirisha liliwapitia wote bila kuonyesha kosa. Watu walivuta pumzi. Besi aliimba kama mtu ambaye nyuma yake haina la kuficha.

Baada ya ibada mgeni mmoja alimshika Mama Fundi mkono pale uani. "Mama, wamesema wewe ndiye fundi. Rangi mbili! Umewazaje hili?"

Sifa zile zilikuwa za moto na tamu, na zilimpanda kifuani kama zamani.

"Ni binti yangu aliyefikiria," akasema haraka, kabla hazijafika kichwani. "Mimi nilikuwa nimeharibu."

"Nilijua!" Besi akadakia. "Mtu mwembamba hivi asingeweza kunitia rangi mbili peke yake."

Mama Shela alimjia Besi, akampapasa mgongo kwenda chini, kisha kwenda juu. "Tulia wewe, sikupapasi, napapasa nguo." Akageuka. "Sindano. Kesho saa mbili. Uje na mkasi wako." Kwa mama aliinamisha kichwa kidogo tu, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi, Sindano akiwa tayari mlangoni na mkoba, mama yake alikuwa ameinama juu ya meza. Mteja alikuwa amemletea kitambaa, laini, cheusi. Alikuwa akikipapasa kwa kiganja, kwenda na kurudi, na hakuwa na hakika.

"Mwanangu," akasema, "kabla hujaenda. Njoo unionyeshe. Yanalala huku, au huku?"

Sindano akatua mkoba. Akaushika mkono wa mama yake, akaupitisha taratibu juu ya kitambaa.

"Huku," akasema. "Umeyasikia?"

"Bado," mama akajibu. "Rudia tena."